Nilisema Shemeji Yumo Chooni

Ndugu wasomaji, mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu. Palipo na herufi iliyoruka, someni kwa kukisia. Naandika polepole kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu, na kulisema kwa mdomo nimeshindwa.

Nyumbani kwetu ni Kawetele. Tunaishi wanne: baba, mama, mimi, na mke wa kaka yangu. Kaka anafanya kazi Dar es Salaam. Alipoona magoti ya baba yamechoka, alileta fundi akatujengea choo cha ndani, cha kukaa, chenye tanki la maji kwa nyuma. Choo cha zamani cha shimo kiko chini kwenye migomba, na njia ya kwenda huko ni mteremko. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, na kwetu siku isiyo na mvua ni ya kuhesabu.

Wenzetu wa mbali labda hawajui kwamba huku mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani mlangoni, hata majina hawatajani. Vijana wa mjini wameacha, lakini baba yangu ni mtu wa zamani, na shemeji alilelewa Mpuguso na bibi yake aliyemfundisha hivyo. Baba akikohoa uani, shemeji anaingia jikoni, maana jiko letu liko nje. Kwa hiyo choo kimoja kilikuwa tatizo. Mama ndiye aliyelitatua. Alisema shemeji ni mjamzito, naye atakitumia, ila kila mtu asikilize kwanza. Ukisikia maji, ujue kuna mtu, geuka uondoke.

Basi choo kikaanza kuharibika. Maji yalipanda tankini hadi yakawa yanamwagikia kwenye lile bomba la katikati, chururu, chururu, bila kukoma. Nikasema nitatengeneza mimi. Nilifunua mfuniko nikaona boya limekaa juu mno. Lilitakiwa lishushwe kwa kukaza skrubu, lakini bisibisi sikuwa nayo, na kwenda kuazima kwa jirani niliona haya. Nikachukua kitu tunachofungia kuni, uzio na majani ya ng'ombe: kamba ya mgomba. Nikaupinda mkono wa boya kuelekea chini, nikaufunga usirudi juu. Maji yakanyamaza.

"Kumbe fundi tunaye humu humu ndani!" mama akasema. Jumapili akawasimulia wenzake kanisani.

Jumatatu maji yakaanza tena, safari hii yakitiririka ndani ya bakuli la choo. Sikufungua tanki. Nilijua kazi yangu imeharibika, na jina la fundi lilikuwa bado jipya, nilitaka nikae nalo kidogo.

Mchana wake baba akaja na mkongojo, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Gwe, nani yumo?"

Ningesema hakuna mtu, choo kimeharibika. Mdomo ukasema, "Shemeji."

Baba aligeuka upesi kama aliyekanyaga kaa la moto. Akakaa sebuleni, akangoja. Maji hayakukoma. Mwishowe akashika mkongojo wake akaelekea migombani. Jumanne akafanya hivyo hivyo, na Jumatano. Hakuniuliza tena. Alisikia maji, akageuka.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulisikia mtu anaita kutoka chini. Nilimkuta baba amekaa kwenye tope, mkono ameukumbatia kifuani. Hospitali walisema haukuvunjika, ni kuteguka, wakaufunga bendeji.

Tuliporudi, mama akafoka kwa sauti ya kufika jikoni. "Mtu anakaa chooni kutwa nzima! Kwani analalia mayai humo?"

"Mwache," baba akasema. "Mwenye mimba ana shida zake. Mimi nitazoea njia."

Shemeji alisikia yote na asingeweza kujibu, kwa kuwa baba yupo. Nilipokwenda jikoni kuchukua maji ya moto, alisema bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria:

"Shemeji, mimi mle sijaingia tangu Jumatatu. Kila nikikaribia nasikia maji, nasema baba yumo, narudi zangu migombani. Na tumbo hili."

Niliinama kuchota maji.

"Nani aliwaambia mimi nimo?"

Akainua uso, akanitazama, akajua. "Haya. Chukua maji, yasije yakapoa."

Nilimpelekea mama maji, nikaenda kwa jirani kuazima bisibisi. Nikafunga koki ya ukutani, nikamwaga maji yote ya tanki, nikaingiza mkono. Kamba ilikuwa imelowa, imelegea, imekatika, na kipande chake kimelala chini ya ule mpira unaoziba tundu. Ndicho kilichokuwa kinapitisha maji. Nilikitoa kwa vidole viwili. Nikakaza skrubu, boya likashuka lenyewe. Nikafungua koki. Tanki likajaa, likanyamaza.

Baba akauliza kutoka sebuleni, "Ametoka?"

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. "Baba, hakuwemo. Siku zote hizi hakuwemo. Choo niliharibu mimi, na nilikudanganya."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliangalia bendeji yake. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Mimi siwezi kumfikia," baba akasema. "Nenda wewe. Mwambie baba anaomba radhi, alimdhania."

Nikaenda jikoni. "Baba anaomba radhi. Anasema alikudhania."

Shemeji akaweka mwiko chini. Akapiga goti palepale kuelekea nyumba kubwa, ingawa baba hakuwa akimwona. "Mwambie nimesikia. Ndaga fijo." Kwetu ndiyo asante sana.

Kisha hakuondoka. Alibaki ananitazama, ananingoja. Ya baba nilikuwa nimeyafikisha, ilibaki zamu yangu. Nikasema moto unazimika, nikatoka kutafuta kuni, na kuni zilikuwepo pale pale miguuni pake.

Mama alikuwa ameshamsema shemeji kwa wenzake wa kanisani, na sasa amewaambia ukweli, kwa hiyo shemeji hasemwi tena. Kwangu hakubadilika. Aliendelea kunipakulia chakula kwanza kama zamani, nami nilikula nikiangalia sahani. Sasa yuko kwao Mpuguso, amejifungua mtoto wa kike. Atarudi mtoto akishapata nguvu.

Kama yupo kati yenu aliyewahi kumkosea mtu wa nyumbani kwake namna hii, naomba aniandikie alianza na neno gani. Hata mstari mmoja utanitosha. Mniandikie kabla hajarudi.