Nambari Saba wa Chuo cha Kwenye Gemu

Loai alikuwa na maksi nzuri, msimcheke. Chuo kikuu Amerika, mwaka wa pili, ufadhili kamili, jezi nambari saba yenye jina la ukoo wake mgongoni. Tatizo chuo chenyewe kilikuwa ndani ya gemu, na mwenye maksi hizo skuli aliiacha darasa la kumi, sasa anashinda gereji Wadi Kabir, hapa Maskati, anapokea magari mabovu na kubishana na mafundi juu ya spea.

Gemu yenyewe ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kupigana vikumbo. Nani Maskati anaujua mpira huo? Lakini Loai ulimwingia damuni kwa sababu mle kila kitu kama kweli. Mvua ikinyesha, jezi inashika tope pale pale mtu alipoangukia. Kocha akikasirika, mshipa unamtoka shingoni. Na mtihani upo! Wiki ukiimaliza yote mazoezini, maksi zinaporomoka, unawekwa benchi. Basi huyu aliyeikimbia hesabu ya Ustadhi Badr alikuwa akirudi gereji mikono inanuka oili, anakaa kitako, anamsomesha yule mtu wa kwenye gemu kama anamsomesha mwanawe. Uso wa mtu huyo aliuchonga siku mbili nzima ufanane na wake mwenyewe, mpaka kovu lake la kwenye nyusi.

Lakini alichokitaka hasa ni kazi. Ami yake Muhanna, mkubwa katika kampuni moja, alikuwa amemwambia, "Ipo nafasi ya dereva wa ofisi. Diploma hawataki. Ijumaa njoo na leseni yako tumalize." Kazi ya kiyoyozi, kanzu safi, watu wanakusalimu. Wiki nzima Loai alitembea na leseni mfuko wa juu, kila mara anaigusa.

Ijumaa baada ya sala, majlis ya Ami Muhanna, ukumbi wake wa wageni kule Bawshar, ilijaa. Wanaume upande huu, wanawake chumba cha pili, mlango wa katikati nusu wazi. Loai hata viatu hajamaliza kuvua, mzee mmoja kamkumbatia.

"Mabruk, mabruk! Nambari saba!"

"Usije ukatuletea Mzungu huko!" mwengine akadakia.

Loai hakuelewa. Akenda moja kwa moja kwa ami yake. "Ami, leseni hii hapa."

Ami Muhanna akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Leseni ya nini tena, we mtoto? Ile kazi nimeshampa Hatem jana. Wewe si unakwenda Amerika?"

Akamwonesha simu. Loai alikuwa ameshajitoa zamani kwenye grupu la ukoo, kachoka kuulizwa lini atarudi skuli, kwa hivyo hakuwa na habari. Sasa akajiona. Televisheni yao ya nyumbani, imepigwa vidio kwa karibu hata ukingo wake hauonekani. Yeye yule, kavaa jezi, jasho linamchuruzika, uwanja mzima unamshangilia. Kisha barua ya ufadhili, ile unayopewa na gemu ukisajiliwa, na muhuri wa chuo na jina lake lote. Chini yake mama yake, Bi Zakiya, kaandika: *Alhamdulillahi, Loai kapata chuo Amerika kwa mpira. Anaondoka mwezi wa nane. Wameshamtengenezea na vidio.* Pongezi zimemiminika kutoka Unguja, Dubai, mpaka London.

"Ami, hii gemu," Loai akasema.

"Gemu?"

"Gemu, wallahi. Ya kuchezea. Hakuna chuo wala nini. Muulize Hatem, tunacheza pamoja."

Hatem, mtoto wa shangazi yake, ana diploma yake ya biashara na miaka mitatu hana kazi. Alikuwa pembeni anamenya chungwa. Hakuinua macho. "Miye sijui kitu, mjomba."

Mara yule mzee akajipiga paja. "Mwacheni! Anaogopa jicho! Hata miye, mwanangu alipopata Uingereza, tulisema kenda kutibiwa mgongo."

Wakaangua kicheko wote. Mashaallah, kijana ana akili, anaficha neema yake! Ami Muhanna akamwekea mkono kichwani, akaanza kumsomea kumkinga na mahasidi.

Loai akajichomoa, akenda mpaka mlango wa wanawake, akageuza uso pembeni kwa heshima. "Mama! Waambie kama ni gemu."

Bangili zikalia, kisha zikatulia.

"Gemu, ndiyo," Bi Zakiya akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekonyeza. "Mwanangu kasema gemu, basi gemu. Na nyie semeni hivyo hivyo, mkiulizwa."

Kigelegele kikapasua nyumba.

Garini, wakirudi Al Khuwair kwenye fleti yao, Loai alishindwa kuvumilia. "Ulijua, mama?"

"Kwani miye mjinga? Kila siku nnakuona na kidude chako mkononi."

"Kazi imekwenda. Kachukua Hatem."

"Sikujua kama watampa mtu upesi hivyo." Akageukia dirishani. "Miaka mingapi nnakaa na wale wanawake? Lamya mwanawe daktari, Mahbuba mwanawe Malaysia. Zamu ikifika kwangu, wanauliza kama chai imetiwa iliki. Jumatano walinipigia simu, Loai. Miye! Walinipigia miye mpaka simu ikazima."

"Na mwezi wa nane?"

"Utakuwa umeondoka."

"Niende wapi?"

"Ijumaa usije tu. Harusini usije, misibani usije. Nitasema unasoma."

"Na gereji je? Nnasimama njiani kutwa, mama. Watu wananiona."

Bi Zakiya akauweka sawa mtandio wake. "Wadi Kabir? Nani katika watu wetu anakwenda Wadi Kabir?"

Wakasimama kwenye taa nyekundu. Loai akatafuta jina la mtu mmoja wa ukoo aliyewahi kufika kule, mmoja tu wa kumtajia. Taa ikageuka kijani, magari nyuma yakaanza kupiga honi, bado hajampata.