Maji ya Ubatizo Kule Newala

Mnanisumbua, vijana. Mkono wangu umezoea jembe, kalamu inanichosha, nanyi kila Krismasi mnataka habari za Dorothy. Haya, naandika mara hii moja. Atakayecheka herufi zangu aje aziandike yeye.

Dorothy, Mama Erasto, alikuwa mfagiaji wa kanisa letu, nje kidogo ya mji wa Newala. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, madukani kila kitu kimejaa: mitumba, redio, sabuni za kunukia. Maji tu ndiyo hayakupata ruksa ya kupanda huku juu. Pampu ilikufa, mvua ya Desemba ikachelewa, na lori la muuza maji likakimbilia Masasi kwa wateja wa sikukuu. Basi mkesha wa Krismasi Dorothy akateremka bondeni mwenyewe, akaukwea mteremko na ndoo kichwani, toka alfajiri hadi jua la utosi. Yalikuwa maji ya birika la ubatizo. Kwetu birika hilo lilijazwa mpaka mdomoni, na miaka yote Dorothy hakukubali mtu mwingine ayateke. Akayafungia sakristia, chumba cha nyuma ya altare, ufunguo akautundika shingoni.

Mwaka ule alikuwa na lake pia. Mjukuu wake Nikolao, wa miezi miwili, kifua kilikuwa kinambana. Padri alitufikia mara chache mno, na Dorothy aliogopa mtoto asiione Pasaka, afe bila kubatizwa.

Asubuhi ya Krismasi watu wamejaa, Padri Alfredi bado yuko njiani kutoka Masasi, Somoe akaingia uani mwa kanisa. Somoe alikuwa jirani ya Dorothy, Mwislamu. Mgongoni kambeba mwanawe Swalehe, anaharisha tangu jana, macho yametumbukia, analia bila machozi.

"Shikamoo, Mama Erasto. Nimezunguka nyumba zote. Hata tone."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nimwone."

Dorothy akaifinya ngozi ya tumbo. Ikabaki imesimama, hairudi: mwili umekauka maji. Akaushika ufunguo.

Cuthbert, mzee wa kanisa, akaziba mlango wa sakristia kwa fimbo yake.

"Dorothy, hayo si ya kunywa. Ni ya Mungu. Watoto saba wanayasubiri, mjukuu wangu yumo, na wako yumo."

"Najua wangu yumo."

"Basi utambatiza kwa mate?"

Wengine wakacheka. Dorothy akamtazama Nikolao mikononi mwa mama yake, kifua kinapanda, kinashuka. Akamtazama Swalehe. Huyo hata kulia alikwisha acha.

"Mzee, mimi sikusoma. Lakini miaka ishirini nafagia huku nasikiliza. Lile hori alimolazwa Yesu lilikuwa la nini?"

"La ng'ombe."

"Nani alilibariki kwanza? Hakuna! Lilijaa mate ya ng'ombe. Mtoto alipolazwa ndipo likawa takatifu. Maji haya nayo yanamngoja mtoto, na mtoto ndiye huyu. Sogea."

Hakusogea. Dorothy akampita kwa bega, mzee akayumba.

Wakayachemsha nyuma ya kanisa, wakayapoza kwa kuyamimina kikombe hadi kikombe, wakatia chumvi na sukari. Somoe akafuta pua.

"Usije ukanirudishia anaitwa Petro, Mama Erasto."

"Nyamaza, shika kijiko."

Swalehe akatapika. Wakaanza upya. Akatapika tena, ndoo inashuka. Kila kijiko, Dorothy alikiona kinatoka kwenye paji la uso la Nikolao. Hakuacha.

Saa sita pikipiki ya Padri ikaingia. Cuthbert akamwahi kabla hajashuka.

"Padri, leo hakuna ubatizo. Mfagiaji wako kayamaliza maji!"

"Yamebaki kiasi gani?"

"Kata moja, Baba," Dorothy akajibu. Hakupiga magoti, hakuomba radhi. "Na huyu bado anayahitaji."

Padri akachungulia ndoo, kisha akamtazama Swalehe.

"Nigawie vijiko saba," Padri akasema.

"Na birika likae tupu?" Cuthbert akafoka.

"Likae tupu, Mzee. Birika halina kiu."

Cuthbert akambeba mjukuu wake, akaenda zake. Wakabaki sita. Nikolao alikuwa wa mwisho. Akakohoa, akalia, akapewa jina lake. Kijiko cha mjukuu wa Cuthbert, Padri akakipeleka mwenyewe kinywani mwa Swalehe.

Saa nane Swalehe akamkojolea Dorothy kitenge kipya cha sikukuu: maji yamekaa mwilini. Dorothy akapiga kigelegele hadi wanakwaya wakanyamaza.

Nimemaliza. Sasa zamu yako wewe uliyesoma. Usiniletee kadi yenye nyota. Krismasi hii, kabla hujaonja pilau, gonga mlango wa jirani usiyesali naye, umuulize amepungukiwa nini. Umpe. Kisha uje uniambie ulimpa nini, na usinidanganye.