Aliyezimiwa Taa

Kusamehe haraka mimi sikujaliwa, nasema mapema. Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa kukata kitambaa hana mpinzani. Ila akishika mkasi, macho hayabanduki kwenye vidole. Ukimsalimia hajibu, na wateja wakasema anaringa. Kumbe akiinua macho tu, hajui mkono wake uko wapi! Tangu utotoni yuko hivyo, na gizani hata kusimama hawezi. Nyumbani tulimwita Mama Taa, tukacheka, yakaisha.

Kwa mumewe hayakuisha. Karakana ya ushonaji ni ya mama mkwe wake, nami nimeajiriwa pale, nakaa kwenye cherehani ya dirishani. Wifi yake, yaani dada wa mume, aliitamani meza ya kukatia siku nyingi, maana anayekata ndiye wateja wanayemuulizia. Akaanza chini chini: "Huyu anakunywa. Hamwoni anavyoyumba akiingia stoo?" Stoo yenyewe haina dirisha, jamani!

Mchana mmoja, karakana imejaa wateja, dada akaingia stoo kuchukua jora la kitambaa. Wifi akazima taa. Nilimwona kwa macho yangu haya, kidole kwenye swichi. Dada akaanguka puu, jora juu yake. Wifi akawasha taa, akapaza sauti: "Haya, jioneeni wenyewe! Mchana kweupe kashalewa!"

Niliposema nilichokiona, mama mkwe akanikata kauli: "Wewe ni ndugu yake, utasema nini kingine?" Meza akapewa wifi, dada akahamishiwa kwenye kushona vifungo. Nilimsikia analia chooni, damu ikanichemka. Nikaapa wifi atayala maneno yake, hata kama mimi ndiye nitakayempakulia.

Nikamburuta dada hospitali, na mama mkwe nikamwambia aje amnuse mwenyewe huyo mlevi wake. Akaja, mdomo ameubinua. Daktari akamwambia dada afumbe macho, akamkunja kidole gumba cha mguu. "Kimeelekea juu au chini?" Dada hakujua. Akampitishia pamba mkononi, dada hakuhisi. Akamgusa kwa ncha ya sindano. "Aii!"

Wakamtoa damu, na majibu yalipotoka, daktari akatueleza. "Kwenye seli za neva kuna vijilango vidogo mno. Ngozi ikiguswa au msuli ukivutwa, utando wa seli nao unavutika, vijilango vinafunguka, chembe zenye umeme zinapita, na ubongo unapata habari. Ndivyo unavyojua mguu wako ulipo bila kuutazama. Vya huyu havifanyi kazi tangu azaliwe. Maumivu na joto vina njia nyingine, ndiyo maana sindano ameisikia."

"Na pombe?" mama mkwe akauliza.

"Pombe haimo kabisa, mama."

Mama mkwe alishikwa na haya. Nami sikumwonea huruma hata chembe. Kesho yake asubuhi akamnyang'anya wifi mkasi, akamrudishia dada meza. "Na umwombe radhi," akamwambia binti yake.

Wifi akatafuta njia ya mkato. Dada alikuwa anakata, wateja wamekaa wanasubiri. Wifi akaja kwa nyuma, akampapasa bega polepole, bila neno, sura ya upole ameivaa. Dada akaendelea kukata. Akampapasa tena. Mkasi ukaendelea. Nilivyofurahi, Mungu anajua!

"Dada," nikamwita, "wifi yako yuko nyuma yako, anakupapasa."

Dada akaweka mkasi chini, akageuka. "Wifi, kunipapasa ni kujisumbua, daktari keshasema. Masikio yangu lakini ni mazima. Sema, kwa sauti ile ile ya siku ile."

Wifi akatazama wateja, akatazama mlango. Mama yake amesimama pale pale, hakumwokoa.

"Taa nilizima mimi," akasema. "Hakuwa amelewa."

"Rudia," dada akamwambia. "Yule mteja wa mlangoni hajasikia."

Nikasimamisha cherehani yangu, asije akasingizia kelele.