Herufi Tatu kwenye Kisu cha Mama Mkwe

Baba yangu aliuza vyuma hapa Gisenyi, na urithi wangu wote ulikuwa ujuzi usio na faida: niliweza kumtambua mtengenezaji wa kisu cha Kijapani kwa alama zake. Kuzisoma sikujua, nisiwadanganye. Nilijua tu kwamba fundi mmoja aligonga herufi tatu kwa tindo, ya katikati ikifanana na kijumba chenye mlango. Mwingine alipiga muhuri wa herufi mbili ndani ya duara. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwahi kuvaa miwani, akazisoma kutoka kulia kwenda kushoto, akatangaza kuwa ni dua. Dua ya nini, hakusema.

Niliolewa miaka ya hamsini. Miezi mitatu baadaye tumbo langu lilikuwa bado bapa kama sinia, na mama mkwe alinitazama kama kitambaa alichouziwa kwa ulaghai. Alishaanza kumwambia mwanawe kuwa binti wa watu hurudishwa kwao. Nami yule bwege wa mume nilimpenda. Sikutaka kurudishwa.

Ikaja harusi moja mtaa wa Nengo. Kwetu kila mwanamke huenda kupika harusini na kisu chake, amefunga uzi mpinini kisipotee. Mama mkwe na jirani yetu, mashoga wa kufa na kuzikana, waligawana uzi mmoja mwekundu kutoka kwa fundi cherehani. Akili nyingi hizo! Visu vyao vyote viwili vilikuwa vya Kijapani, urefu mmoja. Mtu akapasulia mfupa wa mbuzi kwa kimoja, ncha ikakatika, akakiacha hapo na kutokomea.

Vilipooshwa, mama mkwe akadaka kile kizima.

"Hii iko yangu."

"Hapana, dada," jirani akajibu taratibu. "Yako ni ile ya kuvunjika."

Wanawake wote wakaacha masufuria. Mama mkwe akanigeukia.

"We binti ya duka, unajuaka hii mambo. Donc, sema basi!"

Nikakishika. Muhuri wa duara ulionekana wazi kabisa. Kilikuwa cha jirani. Kile cha herufi tatu, kilichovunjika, nilikuwa nikikiosha nyumbani kwetu kila siku ya Mungu. Nikamtazama mama mkwe, nikajiona nimebeba mzigo wangu kichwani, narudi kwa baba.

"Iko ya mama," nikasema.

Jirani akaokota kile kilichovunjika, akapitisha kidole gumba juu ya herufi, moja baada ya nyingine. Kumbe naye alizijua alama za kisu chake, na akajua kuwa mimi najua. Nikangoja anivue nguo mbele ya watu. Badala yake akainama sikioni mwangu.

"Usiogope, mwanangu. Na mi nilikuwaka bibi-arusi."

Akakiviringisha kisu kibovu kwenye kitenge chake, akarudi kumenya ndizi kwa kisu cha kuazima. Heri angenitukana.