Betri Mbili za Kichwa cha Treni

Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Nachingwea, nikipima betri kwa kiganja. Kijana wa duka alinipangia aina nne mezani, zote za kuchaji, zote zenye umbo moja. "Mama, hizi zote sawa tu," akasema. "Chukua hii, ina namba kubwa kuliko wenzake." Nikaiweka mkononi, nyepesi kama ganda la karanga. Betri yenye nguvu ina uzito wake. Nyepesi iliyoandikwa namba kubwa ni mwongo, nami waongo nawajua tangu nina miaka tisa.

Ya pili ilikuwa ya lithiamu. Inaingia vizuri mahali pake, lakini umeme wake ni mara tatu ya ule unaotakiwa, na mota ndogo ingeungua palepale. Ya tatu ilikuwa na kichwa bapa, isingegusa chuma cha mbele. Nikachukua mbili za aina ya nne, nzito, zenye namba ya kiasi, nikazipima kwa mita yangu mwenyewe huku kijana akinitazama kama mteja mkorofi. Mimi ni fundi wa redio na sola, nina banda langu Ruangwa. Watu huniuliza nilipendea nini kazi hii. Huwa nawajibu kwamba sikuipenda, niliingia kwa hasira.

Betri zile zilikuwa za kichwa cha treni cha kuchezea, na kulikuwa na mtu niliyetaka akione kikitembea. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana hukuwepo.

Nililelewa na bibi yangu huko Marambo. Ukiniuliza utoto wangu una harufu gani, nitakwambia ni moshi wa korosho zinazochomwa uani, ule unaowasha macho mpaka unalia bila msiba. Kazi zangu zilikuwa kumenya muhogo, kuanika makopa na kuyawahi mvua ikitishia. Chakula chetu ugali wa muhogo na mbaazi, leo na kesho. Bibi alikuwa mkali wa maneno, akigomba kwa Kimwera na kubembeleza kwa Kiswahili, na methali yake kubwa ilikuwa njia ya mwongo ni fupi. Nilimpenda kupita kiasi. Hilo ulijue, ndilo linaloniuma.

Idi moja mjomba alikuja kutoka Dar na kichwa cha treni cha kijani, urefu wa kiganja. Kwetu treni ilikuwepo zamani, wakati wa mashamba ya karanga, kisha reli ikang'olewa sisi hatujazaliwa. Mjomba akakiweka sakafuni kikakimbia mpaka mlangoni, akawaambia wakubwa, "Nimewarudishia treni yenu." Kwa siku nne watoto wa kijiji kizima walijaa kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa nasema nani asogee na nani akae nyuma. Sijawahi kuwa na cheo kama kile tena.

Kisha betri zikaisha, na mjomba alishaondoka. Bibi akafanya kama kila mtu alivyofanya: akazianika. Betri za redio zikichoka ulikuwa unaziweka juani, jioni zinakupa walau taarifa ya habari. Hizi akaziweka kwenye ungo pamoja na makopa, siku tatu, mimi nikizigeuza upande huu na huu. Hazikuamka. Ndipo nikakumbuka mjomba alituachia chaja na kusema zinataka umeme.

Umeme alikuwa nao mtu mmoja tu, jirani yetu mwenye jenereta, aliyekuwa akionyesha video uani kwake. Alikuwa mtu wa msaada, na baiskeli yake ndiyo iliyobeba korosho zetu kila msimu. Alizipokea betri na chaja akitabasamu. Baada ya siku mbili akanirudishia betri mbili za kijani kama zangu. Treni ikatembea asubuhi moja, ikafa moja kwa moja. Zile hazikuwa betri zangu. Zangu zilikuwa nzito, nilizibeba siku ngapi mfukoni.

Nikaenda barazani kwake. Wanaume walikuwa wamekaa wanasikiliza mpira, redio inanguruma. Nikasema mbele ya wote, "Redio hii imewekwa betri zangu." Jirani akacheka taratibu. "Betri zimeanikwa kama muhogo, zimekufa, sasa mtoto anatafuta mchawi." Baraza zima likacheka, na katika kucheka huko wakamcheka na bibi. Alipopata habari alinishika mkono mpaka palepale, akanipigisha magoti mchangani, nikamwomba radhi mwizi wangu.

Shuleni nikaitwa Mzushi. Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni la nyumbani: bibi hakunipa tena ufunguo wa stoo, na kitu kikipotea, hata kijiko, aliniuliza mimi kwanza. Nikakua, nikajifunza ufundi, nikaolewa, nikamuuguza mpaka akafa, na hakuwahi kunifutia neno lile. Nilichotaka duniani ni bibi ajue kwamba sikusema uongo.

Mwaka huu nyumba yake ilianza kubomoka, tukatoa sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, palikuwa na kichwa cha treni na betri zilezile alizonirudishia jirani, zimevuja. Nikasugua kutu. Kwenye ganda la betri palikuwa bado panasomeka onyo la Kiingereza kwamba isichajiwe. Zilikuwa betri za kawaida za dukani, na mjomba alileta za kuchaji. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sikuwahi hata kufika kwenye kovu.

Nikasafisha vyuma kwa siki, nikafunga zile betri nilizochagua Nachingwea, nikachagua na siku. Ijumaa baada ya sala, baraza la jirani linajaa, nami nilitaka mashahidi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikakiachia kichwa cha treni sakafuni. Kikaenda kikagonga mguu wake. Nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia betri zangu alizichukua yeye.

"Nilizichukua," akasema, wala hakugutuka. "Zilikuwa nzuri zile. Ukichaji zinaamka tu."

"Basi waambie hawa kwamba sikuwa mzushi."

Akawatazama wazee wenzake. "Hawa wanajua, mwanangu. Hata bibi yako nilimwambia mwenyewe, kabla korosho za mwaka ule hazijaisha kuokotwa. Nikataka kuzirudisha. Akasema niache, mtoto ameshaomba radhi, tukianza upya itabidi mtu mzima ampigie mtoto magoti."

Mzee aliyekaa kwenye mkeka akaitikia kwa kichwa. Alikuwepo wakati maneno hayo yanasemwa.

Watu husema mkubwa ni jalala, takataka zote humwishia yeye. Mwaka ule jalala nilikuwa mimi. Nilikiokota kichwa cha treni, nikatoa betri, nikaaga kwa adabu kama nilivyofundishwa. Jenereta haipo tena pale, kila paa lina sola, na hakuna mtoto anayejua kwamba betri ziliwahi kuanikwa. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumchukia mtu mmoja, na nimerudi bado namchukia, ila si yeye peke yake.

Kaburi la bibi liko kando ya njia ya kutokea Marambo. Kila nikipita humwambia bodaboda asimame, nikashuka nikamsomea Fatiha. Siku ile kijana alipunguza mwendo mwenyewe, kwa mazoea. Nikamwambia twende.