Waliokwenda Dago Shungimbili

Juzi nimekaa kwenye benchi la hospitali Kilindoni, akaingia mvuvi wa Ndagoni, kofia kaishusha hadi machoni. Ghafla akasimama. Mtu aliyekaa kando yangu alikuwa kaka yake.

"Shikamoo, kaka. Si ulisema unakwenda dago Shungimbili?"

"Marahaba. Na wewe si ulimuaga mkeo hivyo hivyo?"

Dago ni kambi ya wavuvi, Shungimbili ni kisiwa, na hakuna mke anayekwenda kuhakikisha. Wanaume wa Mafia tungekuwa tunavua kweli kila tunapoaga hivyo, hifadhi ya bahari ingeshakwisha samaki.

Mdogo akakaa. "Nimekuja kupima saratani ya tezi dume. Tangu tumzike baba, silali."

"Mimi natibiwa saratani hiyo tangu mwaka jana," kaka akanong'ona. "Iliwahiwa, naendelea vizuri. Daktari kila mara ananiambia niwalete ndugu zangu, maana inatembea kwenye ukoo."

"Ukanyamaza?"

"Niliona haya."

Mdogo akashusha pumzi, akavua kofia, akamshika kaka yake mkono. Hakuuachia hadi nesi alipowaita.

"Tunaingia wote," akasema.

"Kwa baba yenu mko wawili tu?" nesi akauliza.

"Watatu. Mwenzetu yuko dago Shungimbili."

Kisha wote wawili wakageuka kutazama mlango.