Pipa Lililoangukia Chemchemi

Naikumbuka siku ile kuliko ninavyopenda, mwanangu. Umenisomea gazeti juu ya meli iliyomwaga mafuta baharini, jinsi mwenye meli anavyomlaumu nahodha, nahodha naye analaumu mawimbi, na mafuta yanazidi kutapakaa. Ukaniuliza, "Babu, hapo mkosaji ni nani?" Bahari sijaiona mimi. Ila mafuta yaliyomwagika nayajua, na swali lako nimeishi nalo tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Keti. Nitasema polepole, maana nimechoka, na habari yenyewe inachosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku kwetu upande wa Marani. Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye risaga, majirani pamoja tukipalilia wimbi la mama mmoja mjane, kesho tuhamie shamba la mwingine. Mimi ndiye niliyeongoza vijana. Nilikuwa na nguvu, tena nilijua kwamba nina nguvu, na hilo la pili ndilo lililoniponza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Lori la mwenye duka la sokoni, lililobeba mapipa ya mafuta ya taa, likakwama kwenye mteremko juu ya chemchemi yetu.

Dereva aliitwa Ochieng, kijana Mjaluo kutoka kando ya ziwa, mpole, wa kuvua kofia akisalimia wazee. Alitujia shambani akiwa na matope hadi magotini.

"Ndugu zangu, nisaidieni. Gari ni zito, tushushe mapipa kwanza."

Tukaacha majembe. Kamba ya kwanza aliifunga mwenyewe, akatuonyesha: watu wanne kwa pipa moja, mnalishusha taratibu, mnaliweka kando ya barabara upande wa mlima. "Msiyabiringishe, tafadhali. Huko chini kuna maji ya watu." Kisha akaingia chini ya lori kuweka mawe na matawi kwenye magurudumu.

Mapipa matatu tuliyashusha vizuri. Kwa la nne nikaona tunachelewa. Uji ulikuwa unatungoja shambani, na wasichana walikuwa wamesimama pale wakitutazama, sikufichi. Nikasema kamba ni za wazee. Nikalishusha pipa peke yangu, nikalilaza ubavu, mafuta yakavuja kidogo kwenye kizibo yakanilowesha kaptura, nikalisukuma kwa mguu kama mtu anayecheza. Likanishinda. Likavuka barabara, likateremka migombani, likagonga jiwe kubwa lililo mdomoni mwa chemchemi na kupasuka. Wenzangu walicheka. Halafu harufu ikatufikia, kicheko kikakatika.

Chemchemi hiyo ndiyo iliyonywesha maboma yote ya ukoo wetu. Mama zetu waliifagia kila wiki kama wanavyofagia nyumba. Tulipofika chini, maji yalikuwa yaking'aa rangi rangi, mazuri ya kutazama, na hakuna ng'ombe aliyekubali kuyagusa.

Siku ya tatu baraza la wazee likaketi, chifu akiwapo. Mwenye duka alisema mafuta yake yaliondoka salama, aulizwe dereva. Wazee wakasema barabara ni mbovu, aulizwe chifu. Chifu akasema yeye haamrishi mvua. Tulikaa hapo mpaka jua likasimama kichwani. Mwishowe mzee mmoja akatugeukia sisi vijana.

"Nani aliligusa pipa la mwisho?"

Mwanangu, tulikuwa vijana tisa. Wenzangu wote walijua. Wote walitazama vidole vya miguu yao, kwa kunipenda. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, neno moja tu, nikalimeza.

Ochieng akaulizwa. "Nilikuwa chini ya gari, wazee wangu. Sikuona." Hakusema uongo, wala hakutaja mtu. Lakini hakuwa na baba pale, wala mjomba, wala jirani wa kusema neno kwa ajili yake. Ikawa rahisi. Ikasemwa gari lilikuwa mikononi mwake, basi kosa ni lake. Mwenye duka akamnyang'anya funguo mbele yetu, na tulijua hakuna tajiri mjini Kisii atakayempa gari tena. Alipokuwa akiondoka kwa miguu alitupitia sisi vijana.

"Asanteni kwa kunisaidia siku ile," akasema.

Sikusikia kejeli. Nadhani alimaanisha, na ndiyo maana inaniuma hadi leo.

Maji ya chemchemi hayakunyweka kwa miezi mingi. Mama yangu, ambaye nyonga zilikuwa zimeanza kumsumbua, alishuka mtoni kila siku na mtungi, akapanda nao ule mlima. Mimi nilimtazama tu, maana siku hizo mwanamume kubeba mtungi wa maji ilikuwa aibu. Ujinga mtupu. Siku moja akautua uani, akakaa chini, akaniita.

"Ile kaptura yako niliifua mimi," akasema. "Ilinuka mafuta ya taa, hata kabla ya baraza."

"Mama, mbona hukusema?"

"Kwa sababu wewe ni wangu." Akajifuta jasho. "Sasa mimi na wewe tumemfukuza mtoto wa mwanamke mwenzangu. Huko aliko mama yake anajiuliza mwanawe alikosa nini."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake nilitembea hadi Kisii, nikauliza kila dereva niliyemwona. Ochieng alikuwa ameshaondoka. Wengine walisema amerudi kwao ziwani, wengine Kisumu, na hakuna aliyejua kijiji chake. Nikarudi, nikaenda kwa yule mzee aliyeuliza swali barazani, nikakiri yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Tulikuuliza," akasema. "Siku ile ilipita, kijana. Sasa unataka nimwambie nani?"

Tangu hapo nimeifagia ile chemchemi, aibu au si aibu, mpaka magoti yaliponikataza. Watu husema babu anapenda usafi. Nimewaacha waseme.

Basi turudi kwenye meli yako. Pengine wakosaji ni wengi, kama tulivyokuwa wengi sisi: mwenye duka aliyelijaza lori mvua zikinyesha, chifu aliyeisahau barabara, wenzangu walionyamaza, mama aliyefua kaptura. Kila mmoja ana sehemu yake, na wasikudanganye kwamba hana. Lakini nimepima miaka yote hii, na sehemu zao hazijapunguza yangu hata kidogo. Mguu ulikuwa wangu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiulizwa, jibu siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kusikika, kabla swali halijamfikia mtu asiye na wa kumtetea. Ukiona wenzako wananyamaza kwa kukupenda, ogopa. Mimi nilingoja, na nilipokuwa tayari kusema, yule aliyestahili kusikia hakuwapo.

Nenda sasa, jua linakuacha. Mungu akujalie maji safi karibu na mlango wako, akupe watu wa kukusemea ukiwa ugenini, na akuzeeshe ukiwa na usingizi mzuri kuliko wangu. Na ukipita kando ya ziwa, ukakuta ukoo uliokuwa na dereva aitwaye Ochieng, waambie lile pipa nililisukuma mimi.